Mhubiri Asiyeimbiwa

Kuna watu wanaodhani kufundisha theolojia ni kazi ya watu wapole. Waje chuoni kwetu siku ya kusahihisha mitihani wanisikie ninavyoongea na makaratasi. Mwaka huu mwanafunzi mmoja aliandika kwamba Utatu Mtakatifu ni kama kamati, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na nilipomwita anieleze upuuzi huo, akaniuliza kwa heshima zote kama ninaona ameacha mjumbe. Nimezeeka katika kazi hii, na Mungu ni shahidi kwamba nimemwomba subira mara nyingi kuliko nilivyomwomba mkate.

Somo langu kubwa ni kuhubiri: namna ya kuanza, vichwa vitatu vya mahubiri, namna ya kumaliza. Na huku kwetu, chini ya milima ya Maluti, huwezi kumfundisha mtu kuhubiri bila kumfundisha kuwaogopa akina mama wa Alhamisi, wale wa umoja wa wanawake wanaokutana kusali kila siku hiyo. Hao ndio wenye kanisa. Wachungaji huhamishwa, maaskofu hufa, akina mama wapo palepale upande wa kushoto, blauzi nyekundu, kola nyeupe, kofia nyeupe, na vitabu vya nyimbo mapajani vya kupiga kama ngoma. Mhubiri akipoteza njia, akianza kurudia yaleyale, au akitoka kwenye Neno akaanza kusimulia safari yake ya Durban, mmoja wao huanzisha wimbo. Wenzake husimama, vitabu hupigwa, na hapo mhubiri hana la kufanya ila kutabasamu, kufunga Biblia na kwenda kukaa. Tunasema ameimbiwa.

Mimi tangu nianze kufundisha sikuwahi kuimbiwa. Wakuu wa jimbo waliimbiwa, wageni kutoka Ulaya waliimbiwa, mimi hapana. Sababu niliijua, na kila mwaka niliwaambia wanafunzi: mahubiri yaliyopangwa sawasawa hayaimbiki. Nikaweka na sheria kabisa. Mwanafunzi akiimbiwa katika mahubiri yake ya majaribio, anapata sifuri, na hakuna rufaa.

Sheria hiyo ndiyo iliyomkuta Mohau Phafoli. Mohau alikuwa mtu mzima, kapita arobaini, kafanya kazi chini ya ardhi kwenye mgodi wa dhahabu mpaka mgodi ukafungwa. Alikuja chuoni na mkewe Disebo na watoto, wakakaa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Kwenye vitabu alikuwa mzito, siwezi kudanganya. Lakini mtu akifiwa, ukifika pale unamkuta Mohau kashafika, anapasua kuni. Mwaka uliopita alikuwa ameshapata sifuri moja kwangu, na chuo hakina nafasi kwa mwenye sifuri mbili. Basi akasimama kwa mara ya pili mbele ya kanisa, akahubiri habari za Yona. Akaingia na Yona tumboni mwa samaki. Tumbo la samaki likamkumbusha mgodi, akaingia mgodini. Humo akaanza kutaja marafiki zake mmoja mmoja, na kutoka hakuweza. Alisimama anatokwa jasho, anarudia jina lilelile, akina mama wakamwimbia. Nikaandika sifuri.

Jumatano ya kabla ya Pasaka darasa zima lilinijia kumwombea. Mohau mwenyewe alikaa nyuma akitazama viatu vyake. Aliyekuwa msemaji ni Keneuwe, binti mwenye akili na mdomo, na ukiniambia nimwachie kimoja kati ya hivyo ningemwachia akili.

"Ntate," akasema, kama tunavyomwita baba au mzee huku, "mtu anaweza kuimbiwa hata kama amehubiri vizuri."

"Hawezi."

"Na wewe ukiimbiwa?"

"Mimi siimbiwi."

"Lakini ukiimbiwa, Ntate?"

Hasira zangu ziko karibu, hilo wote wanalijua. Nilipiga meza. "Ijumaa Kuu nimepewa kuhubiri neno la tano la Yesu msalabani. Mtakuwepo wote. Nikiimbiwa, sifuri ya Mohau naifuta kwa mkono wangu na anapita."

"Na usipoimbiwa?"

"Jumanne afunge mizigo."

Mohau akainua kichwa, akasema, "Asante, Ntate." Anashukuru nini, sikuelewa. Nilitoka pale nikijua kwamba mdomo umeponza kichwa, ila kichwa chenyewe kilikuwa cha mtu mwingine.

Nyumbani nilimkuta mke wangu, Mama Pulane, anachagua maharage. Huyu ndiye mwenyekiti wa akina mama wa Alhamisi. Nilimsimulia yote, na naungama nilijisifu kidogo katika kusimulia. Akaacha maharage, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Unacheka nini?"

"Baba Pulane, wewe kweli hujui?"

"Sijui nini?"

"Kwa nini huimbiwi."

"Mpangilio," nikamwambia.

Hapo ndipo nilipomwongezea kicheko. "Mpangilio," akasema, anajifuta machozi kwa aproni. "Ee Bwana wangu. Baba Pulane, wewe huimbiwi kwa sababu mimi nimekataza."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Unakumbuka mahubiri yako ya kwanza hapa, mwaka tuliooana, kabla hujaanza kufundisha? Bibi Selloane alikuimbia. Ukanuna. Chakula huli, ukilala unageukia ukutani kama mtoto aliyenyimwa sukari. Ulinuna mpaka mama yangu akaniuliza kama tunaachana. Basi nilipopewa uongozi, jambo la kwanza nililowaomba wenzangu ni hilo. Niliwaambia, nyie mtarudi makwenu, mimi ndiye ninayelala na huyo mtu. Wakanionea huruma."

"Miaka yote hii?"

"Bibi Selloane anakula peremende. Wengine wanahesabu mabati ya paa. Mimi naomba."

"Unaomba nini?"

"Umalize."

Sijui kama umewahi kuambiwa jambo likakuharibia mpaka yaliyopita. Nilianza kuyakumbuka mahubiri yangu moja baada ya jingine, na katika kila moja sasa nilisikia peremende ya Bibi Selloane. Niliona aibu, kisha nikaona hasira, maana aibu kwangu haikai peke yake.

"Mimi mnanihurumia," nikafoka, "Mohau mbona mlimwimbia?"

Akaacha kucheka. "Mohau tulimsaidia. Alikuwa ameshuka kule chini na wenzake waliokufa, haoni pa kutokea, anatetemeka, mkewe kainamisha kichwa. Mtu akizama unamrushia kamba. Sisi kamba yetu ni wimbo. Wewe ukaichukua kamba yetu ukamnyongea."

Akarudi kwenye maharage yake.

"Sasa niambie nifanye nini Ijumaa," akasema. "Nikiondoa marufuku, utaimbiwa kabla hujafungua Biblia, maana wana hamu ya miaka. Nikiiacha, Mohau anafunga mizigo. Sema wewe, ndiwe mwalimu."

Hapa ndipo elimu inapomsaliti mtu. Mjinga angesema, ondoa. Mimi nilinyoosha kidole na kufundisha. "Mama Pulane, neema ni nini? Ni kupewa usichostahili. Mimi nimepewa bila kuomba. Nani mimi niikatae neema?"

"Na Mohau atapewa na nani?"

Nikamwambia chai imepoa.

Ijumaa Kuu kanisa letu hukaa tangu mchana kati mpaka saa tisa, wahubiri saba kwa maneno saba ya msalabani, na mpaka ibada iishe hakuna anayekula wala kunywa, hata watoto bomba la uani hawaligusi. Mabati yalikuwa yamepata jua, watu wamebanana. Wanafunzi wangu walikaa benchi la nyuma. Mohau alikuwa mwisho kabisa, Disebo ubavuni pake na mtoto mgongoni ndani ya blanketi. Disebo hakunitazama. Tangu ile sifuri alikuwa hajaniamkia.

Akina mama siku hiyo walikuwa wakali. Neno la kwanza alipewa Ntate Tsotetsi, mzee wa kanisa, muuza makaa, akaimbiwa akiwa bado anasalimia. La pili kijana mwinjilisti, akaimbiwa alipoanza kuruka. La tatu mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, akasema maneno machache tu, watu wakafuta machozi, akaenda kukaa bila kuimbiwa, na mimi nikajiambia hana kina. La nne alikuwa msimamizi wa jimbo letu, Mchungaji Ramaema, mtu wa msalaba mkubwa kifuani. Aliposema "na la mwisho" kwa mara ya tatu, Bibi Selloane akampandia kwa wimbo na kitabu kikalia. Akatabasamu, akaketi.

Nikapanda mimbarini. Neno la tano ni lile la kiu, fupi kuliko yote.

Nilihubiri vizuri, nisijinyime haki yangu. Kichwa cha kwanza, kiu ya mwili. Cha pili, kiu ya nafsi. Cha tatu, kiu ya Mungu mwenyewe kwa wanadamu. Upande wa kushoto kimya. Nilimtazama Mama Pulane, naye ananitazama, mikono kaikunja, uso wa mtu anayesubiri ugali uive. Nikajua marufuku ipo palepale. Nilikuwa nimefika mwisho, kilichobaki ni amina. Nimeshinda.

Kabla ya kuitamka nikatupa macho nyuma. Keneuwe alikuwa kanuna. Wengine wanatazama mlango. Mohau Phafoli alikuwa kainama juu ya daftari lake, anaandika. Mtu ninayemfukuza, anaandika vichwa vyangu vitatu asije akavisahau.

Ningeweza kushuka na kusema, jamani, nimefuta. Lakini nilishatoa neno langu mbele ya darasa, na mwalimu anayemeza neno lake wanafunzi humla mzimamzima. Nilihitaji kuimbiwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya heshima, basi nikaitafuta.

"Na sasa," nikasema, "kichwa cha nne."

Benchi la nyuma likashtuka. Kwangu kichwa cha nne ni dhambi, wameandikishwa hilo tangu mwaka wa kwanza. Nikaeleza lile neno la kiu katika Kiyunani, nyakati zake zote, uliopita, ujao na ule ambao haupo katika lugha yetu. Kimya. Nikaingia kwenye visima. Nilivipitia visima vya mababu wa imani kimoja kimoja, nani alichimba, nani alifukia, nani aligombana na nani. Bibi Selloane alimaliza peremende zake, akaanza kutafuna leso. Nikaeleza siki, maana ndiyo aliyonyweshwa msalabani: ya zabibu, ya tufaha, na ile wanayouza dukani. Mama mmoja kijana akanyanyuka nusu, midomo iko wazi. Mama Pulane akamgeukia tu. Akaketi.

Sijawahi kuona utii wa namna hiyo kanisani. Laiti wangemtii Mungu hivyo, Ufalme ungekuwa umeshafika.

"Hii inanikumbusha," nikasema kwa kukata tamaa, "safari yangu ya Durban."

Nikawasimulia Durban. Niliwapeleka mpaka hotelini, nikawaonyesha chumba. Msimamizi wa jimbo alikuwa amelala, msalaba unapanda na kushuka. Watoto walitolewa nje. Nilimkazia macho mke wangu nikimwomba, kwa macho hayohayo niliyomposa nayo, aniokoe. Akanitazama, hakutikisa hata kofia. Miguu ikaanza kuniuma, koo likawa gome. Nilifungua mdomo niendelee na chakula cha jioni cha hotelini, sauti haikutoka. Nikajaribu tena, ikatoka pumzi tu. Nikakumbatia mimbari, nikawa nimesimama pale mbele za watu kama bubu, sina amina, sina wimbo.

Mohau akasimama. Akaweka daftari kwenye benchi, akatoka nje kwa mlango wa pembeni. Nikafikiri amechoka kama wengine, na sikumlaumu. Mara tukasikia bomba la uani linafunguliwa. Akarudi na kikombe cha bati mkononi, anapita katikati ya kanisa zima lililofunga, anatembea polepole maji yasimwagike, na bado yanamwagika.

Ntate Tsotetsi alimzuia kwenye ngazi. "Wewe, leo ni siku gani? Rudisha hayo."

"Amekauka, Ntate," Mohau akamjibu, akampita.

Akapanda mimbarini, akaninyooshea kikombe. "Kunywa, Ntate."

Nikamnong'oneza kwa ile sauti iliyobaki. "Mohau, nikinywa nitaendelea."

"Ndiyo, Ntate."

"Nikimaliza bila kuimbiwa, unaondoka."

"Najua, Ntate. Kunywa kwanza."

Hakuwa anafanya ujanja. Ningeujua, nimefundisha wajanja wengi. Aliona mtu ana kiu, akaleta maji, yale mengine yangekuja baadaye. Miaka yote hiyo mimi nimegawa kiu katika vichwa vitatu. Nilikipokea kikombe kwa mikono miwili nikanywa mbele ya watu wote, Ijumaa Kuu, wala sikumwachia hata tone. Nililia pia. Sikujua kama machozi yale yalikuwa ya aibu au ya shukrani, na sina haja ya kuyachambua.

Ndipo wimbo ukaja. Aliyeuanzisha ni Mama Pulane, namjua kwa sauti hata usingizini. Wakasimama wote kwa mara moja, vitabu vikapigwa, vumbi likatimka kwenye mito ya mabenchi, na Bibi Selloane akacheza mpaka kofia ikamtoka. Walikuwa na miaka ya kulipiza. Niliketi chini palepale kwenye ngazi za mimbari, na Mohau, kwa kuwa hakujua aende wapi, akaketi pamoja nami. Wahubiri wa neno la sita na la saba walisema amina tu. Kwa hekima hiyo nitawaombea daima.

Ibada ilipokwisha watu walitoka uani, sufuria za mahindi na maharage zikafunuliwa. Nikawaita wanafunzi wangu kando ya ukuta unaopigwa na jua. Sauti ilikuwa imerudi kidogo.

"Mmeona wenyewe," nikasema. "Nimeimbiwa. Neno langu ni neno langu. Mohau amepita."

Walikuwa wanataka kupiga makofi, Mama Pulane akapita na ndoo ya vikombe. "Nani kaimbiwa?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe hujaimbiwa, Baba Pulane. Marufuku sijaiondoa."

"Si mmeanzisha wimbo nikiwa mimbarini?"

"Tumemwimbia aliyehubiri," akasema. "Wewe ulikuwa unakunywa." Akaenda zake na ndoo yake.

Ningemmeza mzima, mwanamke yule. Wanafunzi wote wakanigeukia. Keneuwe, ambaye siku moja atakuwa askofu au mfungwa, akauliza taratibu, "Kwa hiyo, Ntate, kwa makubaliano yetu, hukuimbiwa. Mohau anafunga mizigo Jumanne?"

Nilimtazama Mohau. Alikuwa anakunja lile daftari, anajiandaa kusema tena asante.

"Hafungi mtu mizigo," nikasema.

"Na neno lako?"

"Nimelimeza."

"Na ile sheria, Ntate?"

"Nimeimeza pia. Yale maji yalikuwa mengi."

Hawakunila. Walicheka, na mimi nikacheka, na lilikuwa jambo jepesi kuliko nilivyoliogopa. Mohau hakucheka. Alikaa chini kwenye nyasi, akajifunika uso kwa kofia yake, mabega yanatikisika, wenzake wakamzunguka.

Disebo alikuwa ameyasikia yote pale penye sufuria alipokuwa akipakua. Akaja moja kwa moja mpaka nilipo, mtoto mgongoni, sahani ya chakula mkononi imejazwa mpaka ukingoni. Akapiga goti kidogo, kama tunavyofanya huku, akanikabidhi.

"Kula, Ntate," akasema. "Na usikiombee. Nimeshakiombea mimi."